Shujaa wa Alama Ishirini

Nimewasoma kina Dedan Kimathi zaidi ya mia mbili. Wote walikuwa jasiri kama simba. Wote waliipenda nchi yao kwa dhati, wote walijitoa mhanga, na wote, bila kubakiza hata mmoja, hawakuogopa chochote. Nimewasoma pia kina Wangari Maathai wasio na idadi, kila mmoja na mche wake mkononi na tuzo yake ya Nobel ya mwaka wa 2004, na sijakutana bado na mmoja aliyewahi kukosa usingizi. Hawa ni mashujaa wa kidato cha tatu na cha nne. Huzaliwa kila Oktoba, Siku ya Mashujaa ikikaribia, huishi kwa maneno mia nne, kisha huzikwa kwenye rundo la karatasi mezani pangu hapa Siakago.

Mimi ni mwalimu wa BOM. Kwa msomaji wa mjini asiyejua, huyo ni mwalimu aliyeandikwa na bodi ya shule wala si TSC, na mshahara wake huja ukijisikia. Nafundisha Kiswahili na Historia, kwa hivyo mtu yule yule hunifikia mara mbili: asubuhi kama mhusika kwenye tamthilia, alasiri kama binadamu aliyezaliwa mahali fulani, akashtakiwa, akafa. Swali ninalotaka tulitafakari limetoka hapo masomo hayo mawili yanapokutana. Aliniuliza mwanafunzi mmoja, kwa sauti ya chini, wenzake wakiwa wametoka: "Mwalimu, nikiandika ukweli nitapata alama ngapi?"

Nimelibeba swali hilo tangu siku hiyo. Naona si swali la mtihani tu. Linauliza tunadaiwa nini na waliotangulia, na ni nani anayelipa deni hilo.

Hebu kwanza nikukumbushe insha ya shujaa hutengenezwa vipi, maana wengi wenu mliiandika kisha mkaisahau. Maneno yasipungue mia nne. Alama ni ishirini. Unafungua kwa methali, unanyunyiza tashbihi tatu nne, unaweka "aliyejitolea kwa hali na mali" mahali, unafunga kwa kumwomba Mungu ailaze roho yake mahali pema. Kwenye karatasi ya fasihi mambo ni hayo hayo ila yamevaa suti: Fulani ni shujaa, thibitisha. Hoja kumi, kila hoja alama mbili. Kuna vitabu vya mwongozo vinavyouza hizo hoja zikiwa zimeshapangwa, na wanafunzi wazuri huzikariri jinsi mtu anavyokariri namba ya simu. Kimathi aliishi miaka 36. Kwenye mwongozo amekatwa vipande kumi, kama mbuzi wa ruracio, kila mtu anajua kipande chake.

Siwacheki. Mzazi wa huku ameuza ndengu au ameamka alfajiri kuchuma muguka ili karo ipatikane, na anajua kwamba C+ ndiyo mlango wa chuo kikuu. Ukimwambia mtoto wa mzazi huyo aweke mwongozo chini atafute ukweli, unamwomba acheze kamari na jasho la watu wengine. Kwa hivyo aliponiuliza ukweli una alama ngapi, hakuwa anafanya mzaha. Alikuwa anapiga hesabu.

Sasa ukweli wenyewe. Kijana huyu amenikubalia nisimulie mradi nisimtaje. Nilikuwa nimewapa darasa kazi ya wasifu: mtu wa ukoo wako au wa eneo lako anayestahili kukumbukwa Siku ya Mashujaa. Wengi waliniletea Kimathi, eti ni wa ukoo wa taifa. Yeye alitaka kuandika juu ya babu yake mzaa mama, wa upande wa Runyenjes, aliyefariki kabla yeye hajapata akili ya kumuuliza maswali. Babu huyo, wakati wa Hali ya Hatari, alikuwa homugadi. Ngati. Alisimama kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki, na silaha aliyoshika alikabidhiwa na mkoloni.

Kuna hadithi mbili kumhusu. Ya kwanza husimuliwa kwenye mazishi na harusi: kwamba usiku alikuwa akimpitishia chakula mke wa jirani ambaye mumewe alikuwa msituni, na angekamatwa angeadhibiwa vibaya. Ya pili haisimuliwi. Mama yake kijana alimwambia siku moja wakiwa peke yao: kwamba babu huyo huyo alimwonyesha kidole mtu mmoja wakati wa msako, na mtu yule hakurudi. Familia ya mtu yule ipo. Wajukuu wanakutana sokoni, wanasalimiana, wanachangiana harambee.

Haya, andika insha. Maneno mia nne. Ni shujaa, thibitisha.

Jibu la kwanza ambalo mtu mwenye akili timamu angempa ni hili: usijitese bana, insha ni mazoezi. Mtahini hakuulizi unaamini nini, anakuuliza kama unajua kupanga aya na kutumia kiunganishi. Mwigizaji anayesema jukwaani "mimi ni mfalme" hajamdanganya mtu, kwa kuwa kila mtu ukumbini anajua huo ni mchezo. Vivyo hivyo mwanafunzi anayeandika "babu yangu hakuwa na doa". Mwandishi anajua, msomaji anajua, hakuna aliyeibiwa.

Naliheshimu jibu hilo. Uongo, kwa kawaida, unahitaji mtu wa kudanganywa. Lakini angalia jukwaa linavyofanya kazi: mwigizaji hushuka, huvua kanzu, hurudi kuwa yeye. Mwanafunzi wetu hashuki. Hakuna siku shuleni tunapomwambia, haya, mchezo umeisha, sasa tuambie ulichokuwa unaona. Anaandika sifa asizoziamini miaka minne mfululizo, anasifiwa kwa kuziandika, na polepole anajifunza kwamba kusema vizuri ni jambo moja na kusema kweli ni jingine, na kwamba linalolipa ni lile la kwanza. Anayedanganywa hapo si mtahini. Ni mwandishi mwenyewe, na anadanganywa kidogo kidogo kiasi kwamba hasikii maumivu.

Na kuna jambo linaloniumiza zaidi, hasa kwa sababu ya watu tunaowaandika. Wengi wa mashujaa wetu wa Oktoba waliingia matatani kwa ajili ya maneno. Walikula kiapo. Wakati wa Hali ya Hatari, kulisha watu kiapo lilifanywa kosa la kunyongwa. Fikiria hilo vizuri: mtu aliweza kupoteza uhai kwa kuwatamkisha wenzake sentensi chache gizani, kwa sababu waliotamka na waliowawinda walikubaliana juu ya jambo moja, kwamba sentensi ile inamfunga aliyeisema. Zaidi ya watu elfu moja walinyongwa katika vita vile kwa makosa mbalimbali, kiapo kikiwemo. Sisi leo tunawakumbuka kwa sentensi ambazo hazimfungi mtu yeyote. Tunawaenzi watu wa kiapo kwa maneno ya kukariri.

Jibu la pili ni zito zaidi, na nimelisikia kutoka kwa walimu ninaowaheshimu. Wanasema: taifa changa linahitaji mashujaa walionyooka. Mtoto wa miaka kumi na sita anahitaji mlima wa kuutazama. Ukimwambia Kimathi aliogopa, umempa nini? Umemnyang'anya mlima ukamwachia kichuguu.

Tumtazame basi Kimathi mwenyewe. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, baada ya kupigwa risasi na Ndirangu Mau, askari wa akiba wa polisi wa kikabila, Mkikuyu kama yeye. Alishtakiwa Nyeri mwezi uliofuata. Hakushtakiwa kwa kuongoza vita. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na kaburi lake halijajulikana hadi leo. Mwaka wa 1976, Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walichapisha tamthilia kuhusu kesi hiyo, ambayo baadaye tuliipata kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi. Waandishi wenyewe walisema wazi kwamba hawakuwa wakinakili kesi ya Nyeri. Walikuwa wakiiumba upya kwa jicho la waliokuwa wakipigana. Kimathi wao haombi chochote kwa mahakama ile. Anaihukumu.

Kumbukumbu za kesi yenyewe zilidhaniwa zimepotea kabisa. Zikapatikana, na mwaka wa 2017 mwanahistoria Julie MacArthur akazichapisha kama kitabu. Mle ndani Kimathi yuko kizimbani akijitetea. Na utetezi wake ni nini? Kwamba alikuwa akitoka msituni ili ajisalimishe.

Nilipowaeleza wanafunzi jambo hilo, darasa lilinyamaza. Mmoja akauliza, "Kwa hivyo alikuwa mwoga?" Swali hilo ndilo ushahidi wangu. Tumewalea watoto wetu na shujaa wa aina moja tu, kwa hivyo wakipewa binadamu wanaona mwoga. Jiulize wewe: mtu aliyekaa msituni tangu mwanzo wa vita, njaa, baridi ya Nyandarua, makamanda wake wameuawa au wamegeuka na sasa wanatumiwa kumsaka, amejeruhiwa, anahukumiwa kwa lugha isiyo yake na serikali iliyokwisha kuamua. Anatafuta neno litakalomwokoa. Huenda alisema kweli. Huenda alikuwa anapigania uhai wake kwa silaha pekee iliyobaki, yaani ulimi. Kwa vyovyote vile, huyu ndiye alikwenda kwenye kitanzi. Yule asiyeogopa chochote hakunyongwa, kwa sababu hakuwahi kuwepo.

Wala simlaumu Ngũgĩ wala Mĩcere. Tamthilia ilikuwa na kazi yake, na iliifanya wakati ambapo serikali huru ya Kenya haikuwa na hamu kubwa ya kuzungumzia msitu. Kumbuka marufuku ya mkoloni dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka wa 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Wakati wa ukimya ule, kumsimamisha Kimathi jukwaani akiwa mrefu kuliko alivyokuwa lilikuwa tendo la ukweli kwa namna yake. Lakini sisi sasa tuna sanamu yake Nairobi tangu 2007, barabara, chuo kikuu, siku ya mapumziko. Hatumhitaji tena akiwa mrefu. Tunamhitaji akiwa karibu.

Wangari Maathai vile vile. Insha zangu zote zina miti na Uhuru Park, ambako mwaka wa 1989 alipinga jumba refu lisijengwe. Hakuna insha iliyowahi kuniambia kwamba baada ya talaka yake alifungwa jela kwa kumsema vibaya hakimu aliyeamua kesi ile. Au kwamba mwaka wa 1997 aliwania urais na ubunge akaangushwa kote kuwili, na kwamba mwaka wa 2007, akiwa tayari na Nobel kabatini, watu wa Tetu walimnyima kura. Msichana wa kidato cha tatu ambaye wazazi wake wanatengana, au aliyeshindwa kuwa kiranja, angekuwa na mengi ya kuzungumza na Wangari huyo. Na yule wa mwongozo angemwambia nini, zaidi ya apande mti?

Wahenga wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwenye insha zetu mambo yamegeuka. Mgema kashakufa, hawezi kutia maji chochote. Wasifiaji ndio tunaotia maji, na tunamwekea jina lake kwenye kibuyu.

Lakini Kimathi na Wangari ni rahisi. Ukiwaondolea rangi bado wanabaki watu wakubwa. Ugumu uko kwa babu wa yule kijana.

Kwanza historia yenyewe. Serikali ya mkoloni iliwaweka Wakikuyu, Waembu na Wameru kwenye kapu moja la washukiwa. Kijiji, kipande, ruhusa ya kusafiri, leseni ya biashara, vyote vilitegemea kama umehesabiwa mtiifu. Waafrika walipochagua wawakilishi wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, mwaka wa 1957, kwa makabila haya matatu hukupiga kura bila cheti cha utiifu. Katika uchaguzi huo Bernard Mate, Mmeru, alimshinda Eliud Mathu kiti cha Mkoa wa Kati, na wapiga kura wao walikuwa wamechujwa hivyo. Wanahistoria kama Daniel Branch wameonyesha kwamba mpaka kati ya mtiifu na mpiganaji haukuwa ukuta. Wako waliokula kiapo wakawa homugadi, wako homugadi waliopitisha risasi msituni. Wengi walikuwa wanatafuta namna ya kufika asubuhi na watoto wao wakiwa hai.

Je, kueleza hivyo ni kumtetea? Hapa ndipo watu huteleza, na huteleza pande zote mbili. Kuna anayesema: ukishaelewa kwa nini alifanya, huwezi tena kumhukumu. Kuna anayesema: kwa kuwa lazima ahukumiwe, nisielezwe. Mimi naona wote wamechanganya mambo. Nikijua kwamba babu alikuwa na hofu, hofu hiyo inanieleza kidole kilivyonyooka. Haimrudishi aliyeonyeshwa. Hukumu isiyojua hofu ile ni matusi tu, na maelezo yanayomsahau yule asiyerudi ni udalali. Insha ya haki inapaswa kubeba yote mawili kwa mkono mmoja, na ndiyo maana ni nzito.

Fasihi yetu inalijua jambo hili tangu zamani. Kila mtoto wa shule amesikia habari za Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomuua isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na mkono ulioishika ulikuwa wa mwanawe. Muhammad Kijumwa aliuandika utenzi wake mwaka wa 1913. Kithaka wa Mberia, mtoto wa majirani zetu wa Tharaka, akachukua mfupa wa kisa hicho akaandika Kifo Kisimani, tamthilia iliyowahi kutahiniwa kitaifa. Mwelusi ndiye Liyongo wake, na Gege ndiye anayehongwa kwa ahadi ya kuoa kwa mtawala. Swali la kawaida darasani ni ushujaa wa Mwelusi. Gege hupewa mistari miwili: msaliti, mwenye tamaa, hoja imeisha. Na bado tamthilia nzima inasimama juu ya Gege. Bila kujua kijana anawezaje kushawishika hadi amchome Mwelusi, hatujajifunza lolote litakalotulinda siku sisi tutakapoahidiwa kitu. Na tutaahidiwa. Wasee wa rika letu huahidiwa kila msimu wa uchaguzi.

Kuna pingamizi la tatu, nalo ndilo lililokaribia kuninyamazisha. Mzee mmoja niliyemweleza habari hii, bila majina, aliniambia tuwaache waliolala walale. Alisema kizazi chao kilikula njama ya kunyamaza ili watoto waweze kuoana. Handaki lilifukiwa, tukapanda mahindi juu yake, mwataka mlifukue kwa sababu ya insha?

Sikumjibu siku ile, na hata sasa najibu kwa adabu. Ukimya ule ulikuwa kazi ngumu ya mapenzi, na sisi tumekula matunda yake. Lakini kuna tofauti kati ya kunyamaza na kusifu uongo. Anayenyamaza bado anajua. Ndiyo maana mama yake kijana aliweza kumwambia. Anayesifu uongo anaziba mahali penyewe, na kizazi cha tatu hakitajua kwamba hapo pana kitu. Ukimya wa wazee ulihifadhi ukweli chini ya ulimi. Insha zetu zinautema.

Na kusema kweli mahususi kumewahi kuwafaa waliodhulumiwa. Wazee wetu walioishtaki serikali ya Uingereza huko London mwaka wa 2009 hawakwenda kusema walikuwa jasiri kama simba. Walisema kambi gani, nani, walifanywa nini mwilini. Mwaka wa 2013 serikali ile ilikubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Pesa hizo hazilingani na yaliyotendeka, lakini ziliwafikia watu waliothubutu kuwa wahusika wa kweli kwenye hadithi yao wenyewe, wakiwa na aibu na makovu.

Sasa wewe msomaji utaniuliza: haya mwalimu, umeongea, lakini watoto waandike nini? Jibu langu ni la kawaida mno. Waulize watu. Sisi wa huku tuna mfano wetu. Mwaka wa 1973 H. S. K. Mwaniki alichapisha historia ya Waembu na Wambeere hadi mwaka wa 1906, ule ambao Waingereza waliipiga Embu, na mwaka uliofuata akachapisha masimulizi ya kihistoria ya Embu. Msingi wa kazi hiyo ulikuwa kukaa na wazee na kusikiliza, wazee ambao hawakuwa kwenye kitabu chochote. Maktaba za shule zetu ni kabati moja lenye kufuli, hilo sikatai. Lakini Siakago haina uhaba wa wazee siku ya soko.

Tangu hapo, nikiwapa wasifu, nawapa na maswali matatu. Mtu huyu aliogopa nini? Alikuwa na njia gani nyingine mbele yake? Na nani aliumia kwa ile aliyoichagua? Mwanafunzi akijibu hayo matatu, neno shujaa akilitumia nitamwamini. Asipolitumia pia nitamwamini. Wengine wamekuja na wanawake ambao hakuna sanamu itakayowafikia: nyanya aliyetembea na mtungi hadi mtoni alfajiri, akijua amri ya kutotoka nje bado haijaisha, kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Aliogopa nini? Bunduki. Njia nyingine? Mtoto afe. Nani aliumia? Yeye, kwa kiboko. Mistari mitatu, na mimi nimekaa na kalamu nyekundu hewani sijui niitie wapi.

Kijana wetu aliandika. Aliziandika hadithi zote mbili, ya chakula na ya kidole, zikifuatana, bila "hata hivyo" katikati. Yule asiyerudi hakumtaja kwa jina. Aliandika tu kwamba alikuwa na watoto wanne. Kabla ya kuikabidhi alimsomea mama yake. Mama alisikiliza hadi mwisho, akamwambia arekebishe jambo moja: watoto walikuwa watano.

Nilimpa 15. Nilikata alama kwa tahajia na kwa aya mbili zilizoungana, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayolipwa, nikilipwa. Hakuna safu ya ukweli kwenye mwongozo wa kusahihisha, na sikuibuni. Kisha nilimwambia waziwazi kile ambacho ningetaka mtu aniambie nikiwa na umri wake: kwenye mtihani wa taifa atasomwa na mtu asiyemjua, mwenye rundo refu, na huenda insha kama hii ikapata 12 mahali ambapo simba wa mwongozo angepata 16. Uamuzi ni wake, na akiamua kuandika simba siku hiyo sitamdharau. Yeye mwenyewe atakuwa ameshajua ni simba wa nini.

Kwa hivyo ukweli una alama ngapi? Nne pungufu, pengine. Nimeshindwa kumwahidi zaidi ya hapo. Ila naona jinsi anavyosoma sasa. Juzi tulikuwa na tamthilia, wenzake wakinukuu hoja za msaliti, akainua mkono akauliza kama msaliti huyo alikuwa na watoto. Darasa lilicheka. Mimi nililiandika swali ubaoni, tukatumia kipindi kizima kulijibu.